Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Lindi: kadi ni ya mtu mmoja, ugonjwa ni wa ukoo

Shkamoo daktari, na pole na majukumu.

Mimi ni fundi simu hapa Lindi mjini, nina kijimeza changu karibu na stendi, udaktari sijasomea, huu kidogo nilionao nimeuokota kwenye mabenchi ya hospitali nikisubiri ndugu zangu waitwe. Naandika hadharani sio kwa nia ya kukuchafua, kwanza wewe hujanikosea kitu. Ila barua ya karatasi nishawahi kupeleka ofisi moja huko nyuma, ikagongwa muhuri vizuri kabisa, na mpaka leo kimya. Safari hii nikaona niandike watu wasome wote. Ombi ni moja tu, kwenye kadi za hospitali mgonjwa aulizwe na magonjwa ya ndugu zake, maelezo yake ndo marefu, nivumilie.

Mtu akiniletea simu imezima, kabla sijashika bisibisi namuuliza, ilidondoka? iliingia maji? ulichajia wapi? Fundi asiyeuliza anafungua simu nzima, anabadilisha betri, anahangaika mpaka jioni, kumbe simu ilikunywa maji ya chumvi jana ufukweni. Sasa daktari, baba yangu, shangazi yangu, dada yangu na mdogo wangu wamezunguka zahanati na hospitali, ukijumlisha inapita miaka ishirini, na muda wote huo hakuna aliyewauliza kiswali hiki kidogo, kwenu nani mwingine anaumwa? Kadi inaandikwa jina, umri, kijiji, uzito, presha, basi. Ndugu hawamo.

Baba alianza kwa kukojoa damu. Huku kwetu mkojo wa damu kila mtu ana jibu lake tayari, kichocho, na siwalaumu sana maana kichocho kweli kipo, sote tumekua tunaogelea mabwawani. Akapewa vile vidonge vikubwa, damu ikakata, baada ya miezi ikarudi, akapewa tena, ikakata, ikarudi, hivyo hivyo. Mwaka 2011 ndo akapigwa altrasaundi, uvimbe kwenye figo zote mbili, wa kulia ushakuwa kama embe dodo. Alikuwa na miaka 44. Msimu wa korosho ule hakuumaliza.

Shangazi, dada yake baba, jicho moja lilikufa akiwa msichana, la pili likafuata taratibu. Yeye yakamkuta makubwa zaidi ya upofu. Sisi ni Wamwera, ukoo tunahesabu kwa mama, mwenye neno ni mjomba. Vifo vilipoanza kufuatana wajomba wakakaa wakapekua upande wetu wa mama, wakasema hapa hatuna ugonjwa wa namna hii, na kweli hatuna. Basi kama haumo kwenye ukoo umetoka wapi, umetumwa. Na nani? Yule mama kipofu wa upande wa baba, mbona yeye hafi? Watani wakatania msibani kwamba watoto wa fulani wanang'olewa mmoja mmoja kama mihogo, watu wakacheka, yeye akasikia. Akahamia Nachingwea kwa mtu aliyemhifadhi, akafia huko, na mazishi yake tulienda watatu. Hilo daktari ndo linaniuma kuliko yote, maana leo najua alikuwa mgonjwa mwenzao.

Dada yangu, mwaka 2018, mimba ya pili. Alikuwa na presha ya ajabu, inakuja inaondoka, ghafla jasho linamtiririka, moyo unadunda kama ngoma ya unyago, kichwa kinataka kupasuka, dakika kumi imekwisha. Akifika kupima iko sawa anaambiwa una wasiwasi dada, pumzika. Siku ya kujifungua ikapanda ikagoma kushuka. Wakaandika kifafa cha mimba. Mtoto akapona. Siwezi kuapa kwamba haikuwa kifafa cha mimba, hakuna aliyepima kitu kingine, ila nimekuja kujua kuna uvimbe unaota kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, unaitwa feokromositoma, unamwaga homoni za kupandisha presha kwa vipindi, dalili zake ni hizo hizo tatu, kichwa, jasho na moyo kwenda mbio, na kwa mjamzito unafanana sana na kifafa cha mimba. Ukimpasua mtu au kumlaza usingizi wa operesheni bila kujua anao, presha inaweza kuruka ikamuua hapo hapo mezani. Na dawa za kupunguza mapigo ya moyo ukizitanguliza kabla ya zile za kulegeza mishipa unaweza kumharibia zaidi. Haya nayaandika kwa ajili ya madaktari wako vijana walioko huko Liwale na Ruangwa usiku peke yao, wewe unayajua.

Halafu mdogo wangu. Jicho ukungu mwaka 2021, tukanunua miwani ya mtaani. Mwaka uliofuata kichwa kila asubuhi, kutapika, kutembea anayumba kama katoka kilabuni na wakati hata soda kwake mbinde. Malaria, taifodi, yutiai, vidonda vya tumbo, vyote alitibiwa. Mwisho tukauza mabati ya nyumba aliyokuwa anajenga tukaenda Dar, kilomita kama 450 ameshika ndoo. Picha ikaonyesha uvimbe kwenye ubongo wa nyuma, kisogoni, akapasuliwa, akatoka salama alhamdulillahi.

Aliyetutoa gizani ni daktari wa macho, kijana tu. Akamwekea matone ya kupanua mboni, akachungulia kwa ndani, akaona vifundo vyekundu vya mishipa ya damu vimejishika kwenye retina, lile pazia la nyuma ya jicho. Akavuta kiti. Akasema, hebu niambieni, nyumbani nani mwingine? Akageuza fomu nyuma akawa anachora, mwanaume mraba, mwanamke duara, aliyeumwa anamweka wino. Dakika kumi hazikufika. Alipomaliza nikaona familia yetu kwenye karatasi kama saketi ya simu, na njia iliyoungua inaonekana wazi kabisa imepitia wapi, babu, baba na shangazi, dada, mdogo wangu. Yote upande wa baba, upande ambao hakuna aliyekuwa anauhesabu.

Ugonjwa unaitwa von Hippel-Lindau, kwa kifupi VHL. Von Hippel alikuwa daktari wa macho Mjerumani, aliuandika mwaka 1904, na Lindau ni Mswidi aliyekuja kuunganisha ya macho na ya ubongo mwaka 1926. Mimi nilivyosikia mara ya kwanza nilidhani anasema ugonjwa wa Lindi, nikataka kukasirika. Lakini kichekesho chenyewe kilikuwa kwa mjomba, nimempigia simu namwambia daktari kasema tatizo ni jeni, mjomba akaruka, "si niliwaambia mimi, jini!" Ilinichukua bando la nusu saa kumweleza kwamba hili halifukizwi ubani.

Nilivyoelewa mimi, kila mtu ana jeni hiyo, yani maagizo ya mwili tunayorithi, nakala mbili, ya baba na ya mama, iko kwenye kromosomu ya 3, wataalamu waliipata mwaka 1993. Kazi yake, oksijeni ikiwepo ya kutosha, ni kuizima kengele ya mwili inayolia oksijeni ikipungua. Ikiharibika kengele hailali, ni kama nyumba tenki limejaa maji lakini kuna mtu anapiga kelele maji yamekata, basi mafundi wanazidi kuleta mabomba. Seli zinaota mishipa ya damu pasipohitajika, huko ndo uvimbe unakotokea, macho, ubongo, uti wa mgongo, figo, kongosho, tezi, hata ndani ya sikio. Kuna wanasayansi watatu walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kueleza seli zinavyohisi oksijeni, na mmoja wao, William Kaelin, njia yake ilianzia kwenye ugonjwa huu huu. Watu wameshazoea kusikia habari za selimundu, mpaka baba na mama wote wawe wamebeba. Huu mzazi mmoja anatosha, na kila mtoto ni kurusha shilingi, nusu kwa nusu, awe wa kike awe wa kiume.

Wanakadiria mtu mmoja kwa kila 36,000. Sensa ya 2022 Lindi tuko 1,194,028. Nimepiga hesabu kwa kikokotoo cha simu, inakuja kama watu 33 mkoa huu, na Mtwara majirani zetu kama 45. Ni hesabu ya kijiweni, najua, lakini hata iwe nusu yake, wako wapi? Mimi namjua mmoja, mdogo wangu. Wengine wana kichocho, wana mtoto wa jicho, wana presha ya wasiwasi, wana mashangazi wachawi.

Sasa ndo nafika kwenye ombi. Madaktari wana kanuni ya kuutambua huu ugonjwa, na ukiisoma utashangaa. Kama kwenu hakuna mgonjwa, mpaka upatikane na uvimbe wa aina zake angalau mara mbili ndo wanasema ni VHL. Lakini kama kwenu yupo, uvimbe mmoja tu unatosha, wa jicho, wa ubongo, wa tezi au ile saratani ya figo. Yani kujua ndugu tu kunafanya kazi ya kipimo kizima, bila kitendanishi, bila umeme, bila kwenda Dar. Kipimo cha jeni tunakisikia tu. Kipimo cha swali kipo na ni bure, kalamu na karatasi.

Kwa hiyo naomba, kwenye kadi na mafaili ya mkoa wako, kuanzia kliniki ya mama mjamzito mpaka chumba cha macho, kuwe na mstari mmoja, ndugu wa BABA na wa MAMA waliougua nini na kufa na umri gani. Nimeandika baba kwa herufi kubwa makusudi, huku kwetu usipomtaja hatajwi. Majibu yakitia shaka, mfano kijana hajafika 40 ana uvimbe wa figo na ndugu yake ni kipofu, basi jina liingie kwenye daftari moja pale hospitali ya mkoa na wale ndugu wengine waitwe wangali wazima. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba, wanamjua kila mtu, wao ndo wa kuwafuata. Na madaktari bingwa wa Mama Samia wakija kwenye halmashauri, wapewe orodha badala ya kusubiri nani atajitokeza foleni.

Watakaokutwa wafuatiliwe, sio ndoto. Macho yanaangaliwa toka utotoni kila mwaka kwa yale matone, kifundo kikiwa bado kidogo kinachomwa kwa leza jicho linabaki. Presha ni kipimo cha kila zahanati, inaanza mtoto akiwa na miaka 2. Zile homoni za tezi zinapimwa kwenye damu au mkojo kuanzia miaka 5, ubongo na uti wa mgongo picha ya MRI toka 11 kila baada ya miaka miwili, tumbo toka 15. Figo hazing'olewi hovyo, uvimbe unaangaliwa tu, ukifika sentimita 3 unatolewa uvimbe peke yake na figo inaachwa. Kuna na dawa ya vidonge, belzutifan, Marekani waliiruhusu 2021, hiyo siiombi, bei yake naogopa hata kuitafuta. Najua MRI nayo ni mtihani. Mwezi wa tano 2024 barabara ya kwenda Dar ilipokatika Somanga baada ya kimbunga Hidaya, mdogo wangu alikuwa na tarehe yake Dar, ikapita hivi hivi, tukaanza foleni upya. Ndo maana nasema yanayowezekana huku yafanyike huku, macho, presha, altrasaundi, yaliyobaki tutasafiri, kama sio Dar basi hata hospitali ya kanda pale Mitengo, Mtwara.

Kitu kimoja tu nakuomba usikipuuze, hilo daftari lifungiwe. Kuna binti hapa mtaani uchumba ulivunjika kwa sababu tu ilisemekana kwao kuna kifafa. Likianza kusomwa dirishani hakuna atakayesema ukweli tena, na watakuwa na haki.

Mpwa wangu, yule aliyepona siku ile, yuko shule ya msingi, anacheza, macho yake hayana neno kwa kuyatazama, lakini ya mdogo wangu nayo yalikuwa hivyo hivyo. Nilimpeleka sehemu wakanirudisha, mtoto haumwi unamleta wa nini. Jumanne ijayo nafunga meza nampeleka tena, na ile karatasi ya miraba na miduara naibeba, nimeshaitia plastiki isilowe. Ukitaka kopi daktari niambie tu, stesheneri ya jirani wananitolea kwa mia mbili.

Fundi simu, Lindi mjini