Barua kwa Hamisi kuhusu kasi ya altaneta

Tanga

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam sana. Natumaini wewe na shemeji hamjambo. Huku tu wazima.

Habari ya lile lori la mchanga, kwamba kuchaji kunafifia taa zikiwashwa, nimeipata. Tafadhali, usimwache mwenye lori anunue altaneta nyingine (mashine inayochaji betri) kabla hujajua hii inazunguka kwa kasi gani. Kuchaji kunakofifia taa zikiwashwa mara nyingi ni mkanda unaoizungusha tu, na mtu asilipe laki kadhaa kwa kosa la mkanda.

Kasi yenyewe utaisoma kwenye umeme wake. Tazama nyuma ya altaneta, utaona terminali yenye herufi W. Inatoka kwenye fezi moja (mkondo mmoja) ya stata, yaani koili zisizozunguka, kabla umeme haujapita dayodi zote, vile vipande vinavyoupitisha umeme upande mmoja tu. Weka mita kwenye Hz (mawimbi kwa sekunde), waya mmoja W, mwingine kwenye bodi ya lori. Rota (sehemu inayozunguka ndani) nyingi zina kucha sita za sumaku kila upande, kwa hiyo kila ikizunguka mara moja inatoa mawimbi sita. Zidisha Hz kwa 10, umepata mizunguko kwa dakika. Zipo zenye kucha nane. Hizo zidisha kwa 7.5. Idadi ya kucha usiikisie, mwombe muuza spea akuonyeshe rota ya aina hiyo hiyo.

Sasa pima kipenyo cha puli, magurudumu ya mkanda, pale mkanda unapokaa, si ukingo wa nje. Tuseme ya kranki (shafti kuu ya injini) ni milimita 150 na ya altaneta 60: altaneta inakwenda mara 2.5 ya injini. Injini ikiwa 800, altaneta iwe 2,000, na mita isome 200 Hz. Washa taa zote. Ikishuka hadi 170 na injini bado iko 800, altaneta imebaki 1,700. Mkanda unateleza, basi.

Ila hiyo 800 usiisome kwenye dashibodi! Dizeli nyingi za zamani mshale wake wa mizunguko unalishwa na hiyo hiyo W, kwa hiyo mkanda ukiteleza mshale nao unashuka, nawe utadhani injini ndiyo imelemewa. Bandika kipande cha stika inayong'aa kwenye puli ya kranki, upime kwa takometa ya mwanga, kile kipima mizunguko.

Kama W haipo, pima mawimbi madogo yanayobaki kwenye umeme wa waya mnene wa altaneta, mita ikiwa AC na ikisoma Hz. Pima karibu na altaneta, maana betri inayameza mawimbi hayo, na taa ziwe zinawaka. Hapo kila wimbi la fezi linakuwa sita: kwa 2,000 utaona kama 1,200 Hz. Dayodi moja ikifa mpangilio huo unavurugika na namba zinarukaruka. Hapo ndipo altaneta inastahili kufunguliwa.

Nitumie vipimo vyote viwili, taa zikiwa zimezimwa na zikiwa zimewashwa, pamoja na vipimo vya puli. Nitakaa navyo jioni hiyo hiyo.

Wasalimie watoto.

Nduguyo,
Salim