Maungamo yasingoje Juma Kuu

Mhariri,

Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresima, mwaka huu wa 2026 ni 18 Februari, na Ramadhani inatarajiwa kuanza siku hiyo hiyo au ya pili yake, kutegemea mwezi utakavyoandama. Kwa Wakatoliki wa Unguja na Pemba jambo hili linagusa daladala, shifti za kazini na saa ambazo mtu anaweza kufika kanisani na kurudi kwake. Naomba nafasi katika safu yako niwaambie mapadre, halmashauri za walei na waamini wenzangu kwamba ratiba ya maungamo isipopangwa sasa, foleni ya Juma Kuu, wiki ya mwisho kabla ya Pasaka, itatushinda tena.

Hesabu yake ni nyepesi. Ungamo la mtu aliyejiandaa huchukua kama dakika tano: salamu, kutaja dhambi, shauri fupi la padre, malipizi anayompangia, sala ya kutubu na maondoleo ya dhambi. Kwa saa moja padre mmoja anaungamisha watu 12. Tuchukue parokia ya mfano yenye mapadre wawili na watu wazima 300 wanaotaka kuungama kabla ya Pasaka. Wote wakingoja Juma Kuu, na mapadre wakakaa saa mbili kila jioni Jumatatu, Jumanne na Jumatano, watakaoungama ni 144. Hata nusu hawafiki. Alhamisi Kuu ina shughuli zake, na Misa ya Krisma, ya kubariki mafuta matakatifu, ikiwa imepangwa juma hilo hilo, inawaita mapadre wote wa jimbo kwa askofu. Wa Pemba wanavuka bahari kwenda na kurudi. Lakini kati ya Majivu na Matawi mwaka huu zipo Jumamosi sita. Mapadre wale wale wawili, saa mbili kila Jumamosi, wanafikisha watu 288. Hao 12 waliobaki wanamalizwa kwa nusu saa, Ijumaa moja baada ya Njia ya Msalaba.

Kwa nini basi watu hawaji mapema? Uvivu upo, tusidanganyane. Ila huku visiwani kikwazo kikubwa wakati wa Ramadhani ni saa tunazopanga. Tumezoea maungamo ya jioni, saa 11 hadi saa 1. Mwezi huu jua linazama baada ya saa 12 na nusu, na kuanzia saa 10 kila mtu anakimbilia nyumbani na mahitaji ya futari. Magharibi ikikaribia daladala zinaadimika, kwa sababu dereva na kondakta nao wamefunga. Mwenye kukaa Fuoni au Bububu akitoka kanisani saa hiyo atasimama kituoni mpaka watu wamalize kufuturu. Kwa hiyo anajiambia, nitaungama baada ya Idi. Na Idi mwaka huu inategemewa kuwa karibu na 20 Machi, wakati Jumapili ya Matawi ni 29 Machi. Parokia nzima inajikuta imebakiwa na kama wiki moja kabla ya Juma Kuu.

Dawa ni kusogeza saa. Maungamo ya Jumamosi yawe saa 8 na nusu hadi saa 10 na nusu alasiri, na Jumapili padre abaki nusu saa baada ya Misa ya kwanza. Nasisitiza baada ya Misa. Kwenye vigango, yaani makanisa madogo ya parokia, padre anatoka Misa nyingine, anafika amechelewa, na ile nusu saa iliyotangazwa kabla ya Misa inageuka dakika saba, watu wawili wameungama na kumi wamerudi kukaa wamenuna. Ni kweli kwamba mwenye dhambi ya mauti anapaswa kuungama kabla ya kukomunika. Huyo amwone padre Jumamosi. Mwenye dhambi ndogo hazuiliwi kukomunika, anaweza kusubiri mpaka Misa iishe. Wapo wanaodhani ile "Nakuungamia Mungu Mwenyezi" ya mwanzo wa Misa inatosha kwa dhambi kubwa. Haitoshi.

Wafanyakazi wa hoteli za Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani wana shida ya peke yao. Shifti ya asubuhi ikiisha saa 9, mtu wa Nungwi akipanda daladala kuja mjini atatumia zaidi ya saa nzima njiani, na akifika kiti cha maungamo kimeshafungwa. Hawa wafuatwe huko huko. Padre mmoja, stola yake ya zambarau, viti viwili vilivyowekwa ubavu kwa ubavu mahali panapoonekana lakini sauti haifiki, siku ya kazi moja katikati ya Kwaresima, saa 9 na nusu hadi saa 11. Viongozi wa jumuiya ndogondogo za Kikristo wakusanye idadi wiki moja kabla ili ijulikane kama padre mmoja atatosha. Kanuni ya 986 ya Sheria za Kanisa inawataka waliokabidhiwa uchungaji wa roho wawape waamini nafasi ya kuungama mmoja mmoja kwa siku na saa zinazowafaa waamini wenyewe. Anayekunja shuka za wageni mpaka alasiri naye ni mwamini.

Zile "Saa 24 kwa ajili ya Bwana" alizoanzisha Papa Fransisko mwaka 2014, ambapo kanisa huachwa wazi kwa sala na maungamo, hufanyika Ijumaa na Jumamosi kabla ya Jumapili ya Nne ya Kwaresima, yaani 13 na 14 Machi mwaka huu. Hapa Ramadhani inatusaidia. Baada ya tarawehe mji wa Unguja unakesha, mitaa ina watu na taa. Kwa wakazi wa mjini, saa 3 hadi saa 5 usiku ni wakati mzuri kuliko saa 12 jioni. Wa shamba wapangiwe Jumamosi asubuhi.

Kila msongamano unapotokea kuna mtu atashauri watu wote waondolewe dhambi kwa pamoja, yaishe. Haiwezekani, na wanaopendekeza waache kumsumbua paroko. Kanuni ya 961 inaruhusu maondoleo ya jumla penye hatari ya kifo au ulazima mkubwa, na imetamka wazi kwamba wingi wa watu kwa ajili ya sikukuu kubwa peke yake si sababu ya kutosha, hata kama waungamishi wa kutosha hawapatikani. Ibada ya toba ya pamoja ni jambo lingine: masomo, mahubiri na utafiti wa dhamiri tunafanya wote, kisha kila mtu anakwenda kwa padre wake kuungama na kupata maondoleo. Kinachoharibu ibada hii ni watu kuondoka baada ya Baba Yetu wakidhani wamemaliza. Mwongoza ibada aseme mapema, na aseme tena, kwamba hakuna aliyeondolewa dhambi mpaka apite kwa padre. Jambo la pili ni watu kurundikana kwa padre mmoja anayesifiwa kwa upole na kuwaacha wengine watatu wanapigwa upepo. Mtu ana uhuru wa kuchagua muungamishi, ndiyo sheria, ila mwenye haraka ya kuwahi daladala asichague.

Sasa maandalizi, maana hapa ndipo dakika tano zinapogeuka ishirini. Katekisimu inadai mambo matano: kutafuta dhambi moyoni, kujuta, kukusudia kuziacha, kuungama kwa padre, na kutimiza malipizi. La kwanza lifanyike nyumbani, kwa kufuata Amri Kumi za Mungu na Amri za Kanisa, tangu ungamo la mwisho. Dhambi kubwa zitajwe kwa aina na idadi. "Nimekosa mara nyingi" haimsaidii padre. "Karibu kila wiki tangu Krismasi" inamsaidia. Idadi kamili ikikupotea, kadiria kwa uaminifu. Uliyoisahau bila kukusudia imesamehewa pamoja na nyingine, utaitaja ungamo lijalo. Uliyoificha makusudi inabatilisha ungamo zima, na hapo umepoteza foleni yako na ya wenzako.

Sema dhambi zako. Kuna watu wanaungama dhambi za mume, za wifi na za mwenyekiti wa jumuiya, zao zikawa mbili za mwisho, tena kwa sauti ndogo. Kuna wenye hadithi ndefu: nani alianza, nani alijibu nini. Padre anahitaji tendo, idadi, na hali inayobadilisha uzito wake, kama vile kuiba fedha za kanisa. Mwenye kutaka ushauri wa ndoa au ugomvi wa urithi achukue siku yake ofisini kwa paroko. Karatasi yenye vidokezo haikatazwi, ichanwe baadaye. Simu sipendekezi: orodha inabaki humo, na ikiita katikati ya ungamo mnashtuka wote wawili.

Sala ya kutubu watu wazima wengi wameiacha kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, wanakwama baada ya "Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa kwako". Halmashauri ichapishe sala hiyo kwa herufi kubwa na kuibandika mahali mtubu anapopiga magoti. Gharama yake ni karatasi moja na gundi.

Kuhusu wizi, niseme kidogo zaidi kwa sababu mazingira yetu ya kazi yana majaribu yake. Aliyechota kwenye sanduku la bakshishi la wenzake, au kutoa bidhaa stoo ya hoteli, hatoki na maondoleo tu. Anapaswa kukusudia kurudisha. Si lazima ajitangaze. Fedha inaweza kurudi sandukuni kimya kimya, kwa mafungu kama hana zote. Mwenye mali akiwa hajulikani au hapatikani, padre ataelekeza thamani yake iende kwa maskini. Mtu akisema hataki kabisa kurudisha na uwezo anao, padre hawezi kumwondolea dhambi, na mtu huyo asimlaumu padre.

Vivyo hivyo wanaoishi pamoja bila ndoa ya Kanisa. Kila mwaka wapo wanaofika Jumamosi Kuu wakitarajia kwamba dakika tano zitamaliza jambo la miaka. Shauri la ndoa linataka cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni na parokia ya asili, mara nyingi bara, linataka mashahidi na matangazo, na kama mwenzi si Mkristo linataka ruhusa ya askofu. Waanze kwa katekista au paroko wiki hii ya Majivu. Pasaka hii pengine haitawahi, ila shauri litakuwa limeanza kusogea.

Mambo ya mahali nayo yana uzito. Machi ni joto kali, feni zinavuma, na mwishoni masika yanagonga mabati. Mtubu asiposikika anapaza sauti na mstari wote unasikia. Mstari wa kwanza uanze mita tatu kutoka kiti cha maungamo, kinanda kipige polepole, na mvua ikianza maungamo yaliyokuwa chini ya mti yahamie sakristia kabla watu hawajarundikana mlangoni. Padre aliyetoka kuhubiri azime maikrofoni ya kwenye kola. Mhudumu mmoja apewe kazi ya kuikagua. Na aliyesikia neno la mwenzake kwa bahati mbaya ajue siri hiyo inamfunga naye, kanuni ya 983 haimwachi nje. Watoto wa Komunyo ya Kwanza wapangiwe Jumamosi asubuhi yao peke yao.

Nimesikia pia waamini wakiulizwa kadi ya zaka au barua ya jumuiya kabla ya kuruhusiwa kupanga foleni ya maungamo. Zaka ni wajibu, na kadi ina kazi yake kwenye ubatizo, ndoa na mazishi. Kwenye kiti cha maungamo haina kazi. Mhudumu anayeiulizia pale anaweza kumrudisha nyumbani mtu aliyechukua miaka kumi kufikia kuamua.

Kwa Pemba, ambako waamini ni wachache na wametawanyika, ombi ni moja: siku ambayo padre mgeni atavuka kusaidia itangazwe Wete na Chake Chake wiki mbili kabla, pamoja na siku ya akiba endapo bahari itachafuka.

Ratiba ikishakubaliwa ibandikwe mlangoni mwa kanisa na itumwe kwenye makundi ya simu ya jumuiya, ikionyesha siku, saa, mahali, na lugha anazoweza padre husika, kwa faida ya wageni walioko Shangani na mahotelini. Jumatano ya Majivu kanisa hujaa hata wasioonekana mwaka mzima. Tangazo lisomwe siku hiyo kabla ya baraka ya mwisho.

Katekista,
Unguja Mjini