Barua ya wazi kwa binamu yangu aliyekitupa kitabu njiani

Binamu, salamu nyingi. Nimeiona meseji yako, ati ile riwaya ya Assassin's Apprentice imekushinda, kurasa mia zimepita hakuna vita wala joka, katoto tu kanashinda na mbwa zizini. Sasa nakujibu hapa hadharani usipate pa kukimbilia.

We umesoma unamsubiri mchawi, ndo maana Burrich hukumuona. Robin Hobb alipokitoa hiki kitabu 1995 uchawi aliuweka, tena wa aina mbili, ila mzigo wote kambebesha huyo Burrich, mkuu wa mazizi mwenye mguu mbovu na mdomo mzito. Hebu fikiria, Fitz ni mtoto wa nje wa mrithi wa ufalme, ana kama miaka sita babu yake mzaa mama anamfikisha kwa askari, chukueni mtu wenu mi nimechoka kulisha, na baba mtu kusikia tu anaachia urithi anahamia mbali na mkewe, mtoto hamtii machoni hata siku moja. Nani analea? Burrich, mtumishi wa huyo huyo baba. Anamlisha, anamfundisha kazi, anamkaripia kutwa, neno la kumpenda halimtoki.

Halafu lile la mbwa. Fitz mawazo yake yanaungana na ya wanyama, na kwa Burrich hiyo kitu ni najisi, inamgeuza mtu mnyama, basi akamnyang'anya kale kambwa Nosy na mtoto akakua akijua kameuawa, huku anakula na kulala kwa mtu anayemuona muuaji. Aisee nilikiweka kitabu chini nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Maana sentensi moja ya Burrich ingetosha, na hakuisema!

Ila Galen, mwalimu wake wa uchawi, alipompiga Fitz kule juu ya mnara nusura amuue, nani alimtoa Galen mpaka kwenye yale Mawe, pale ugomvi unapoamuliwa, wakamalizane mbele ya watu? Huyo huyo wa mguu mbovu. Ngumi anazo, maneno hana. Na baadaye akigundua Fitz ameungana na mbwa mwingine anamkataa tena, yaani unatamani uingie kitabuni uwakalishe kikao cha ukoo.

Unasema Fitz analia lia, sawa, lakini anayesimulia ni Fitz mtu mzima, ameumia, kakaa na kalamu anajaribu kuandika historia ya nchi na kila akianza inageuka kuwa yake. Regal, yule baba mdogo wa Fitz, hapo nakubaliana na wewe, mwovu wa sinema kabisa, akiingia tu ushajua.

Ya Nosy sikumalizii. Fika kule milimani, Jhaampe, halafu nipigie hata kama ni usiku wa manane, ila usinitumie voisi noti ya dakika kumi.