Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wakusanyaji wa Mabuli ya Kale ya Kauri ya Ufaransa

Ndugu Wanachama,

Mikutano yetu ya mwaka huu ilifanyika kama ilivyopangwa, na mweka hazina atawasilisha hesabu zake baada yangu. Kwa hiyo nitajikita kwenye suala moja lililoishughulisha kamati kuliko mengine yote, nalo ni kiasi gani tuiamini chapa iliyo chini ya buli.

Tuliletewa buli dogo lenye herufi L mbili zilizopishana, chapa ya kiwanda cha kauri cha Sèvres karibu na Paris, na katikati yake herufi inayowakilisha mwaka wa kutengenezwa, nayo inaangukia miaka ya 1760. Umbo lilikuwa zuri, udongo wake ule uitwao laini, yaani kauri isiyo na kaolini (udongo mweupe wa kauri ngumu), ulikuwa na weupe wa maziwa, na dhahabu ya ukingoni ilikuwa imelika pale tu vidole vinaposhika. Hata hivyo, uchunguzi wa miale ya X ulionyesha kwamba kijani cha majani yaliyochorwa kilikuwa na kromi, metali ambayo mwanakemia Mfaransa Vauquelin aliigundua mwaka 1797. Mchoro huo, basi, hauwezi kuwa wa enzi ya Mfalme Louis XV, aliyefariki mwaka 1774.

Hilo halimaanishi kwamba buli lenyewe ni bandia. Brongniart, mkurugenzi aliyekabidhiwa kiwanda cha Sèvres mwaka 1800 kikiwa hoi kifedha, aliuza akiba kubwa ya vyombo vya udongo laini visivyochorwa, na mafundi wa Paris wakavinunua na kuvipamba kwa mtindo wa zamani. Buli la namna hiyo ni la kweli tumboni na la uongo usoni, na kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote kulikataa. Kamati ililikataa, kwa kuwa bei iliyotajwa ilikuwa ya mchoro wa kweli wa zamani.

Wanachama wapya ninawashauri waanze na mabuli ya karne ya 19 ya Limoges, mji wa Ufaransa ambako udongo mgumu ulitokana na kaolini iliyopatikana karibu na hapo, Saint-Yrieix, mwaka 1768. Mabuli hayo hustahimili maji ya moto, na neno "France" kwenye chapa kwa kawaida huashiria kipindi cha baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890, iliyotaka bidhaa kutoka nje zionyeshe nchi zilikotoka. Mfuniko nao ukaguliwe peke yake, maana ndio huvunjika kwanza na kubadilishwa kimyakimya.

Kamati inaomba idhini yenu ili sehemu ya mfuko wa ununuzi ilipie uchunguzi wa rangi kabla ya kununua buli lolote la Sèvres. Kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina.

Mwenyekiti