Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ipi Ndiyo Rekodi Halali ya Mwendo Kasi Nchi Kavu

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Hesabu atazisoma mweka hazina, na mambo ya utawala nitayagusa mwishoni kwa ufupi. Sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu suala lililotawala vikao vyetu mwaka mzima: ni wakati gani mwendo wa gari unastahili kuandikwa katika daftari letu kama rekodi ya dunia, na ni wakati gani unabaki kuwa mwendo mkubwa tu ambao mtu aliufikia.

Suala lilianzia kwenye barua ya mwanachama mmoja. Aliuliza kwa nini daftari linamtaja Andy Green kuwa wa kwanza kuvuka kasi ya sauti akiwa nchi kavu, ilhali Stan Barrett alitangazwa kufanya hivyo tarehe 17 Desemba 1979 katika kambi ya anga ya Edwards, California, miaka karibu 18 kabla ya Green. Gari la Barrett, Budweiser Rocket, lilisukumwa na roketi, na kasi iliyotangazwa ilikuwa kilomita 1,190 kwa saa. Chuck Yeager, rubani wa kwanza kuvuka kasi ya sauti angani, aliunga mkono madai hayo. Barua ile iliandikwa kwa heshima na kwa hoja, na ilistahili jibu la heshima na la hoja.

Kamati haina shaka na ujasiri wa Barrett. Kinachotuzuia ni namna kasi yenyewe ilivyopatikana. Gari lilikimbia upande mmoja tu. Halikupimwa kwa maili nzima wala kwa kilomita nzima. Tarakimu ilitokana na rada na vifaa vilivyofungwa garini. Na tofauti kati ya kasi iliyodaiwa na kasi ya sauti yenyewe siku ile ilikuwa karibu asilimia moja.

Asilimia hiyo moja ndiyo kiini cha jambo. Gari linalokwenda kilomita 1,228 kwa saa hupita maili moja kwa takriban sekunde 4.7. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, kasi itapotoka kwa robo ya kilomita hivi kwa saa, kosa ambalo halibadili lolote. Sasa chukua umbali wa mita 16 tu. Gari la kilomita 1,190 kwa saa hulimaliza eneo hilo kwa chini ya sehemu tano za mia za sekunde, na kosa lile lile la saa linazaa tofauti ya kilomita zaidi ya 24 kwa saa, yaani asilimia mbili. Kwa umbali mfupi hivyo, mtu anaweza kuwa amevuka kasi ya sauti au amebaki nyuma yake, na saa isijue. Ndiyo maana kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, zinadai maili au kilomita kamili, gari likiingia tayari liko kwenye mwendo.

Sharti la pili ni kwenda na kurudi. Upepo wa nyuma husukuma, na ardhi ionekanayo tambarare inaweza kuwa na mteremko usioonekana kwa macho. Ukipita pande zote mbili na kuchukua wastani, kile ulichopewa bure wakati wa kwenda utakilipa wakati wa kurudi. Sharti hili liliingia kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na lilipoingia liliwaumiza watu. Bob Burman alikimbia kilomita 227 kwa saa huko Daytona, Marekani, mwaka 1911 kwa gari la Benz, upande mmoja, na wakuu wa mchezo huu Ulaya hawakumtambua. Mwaka 1914 L. G. Hornsted alikwenda na kurudi Brooklands, Uingereza, akapata wastani wa kilomita 199.7 kwa saa, na yeye ndiye aliyeandikwa. Tarakimu yake ilikuwa ndogo kuliko ya Burman, ndogo hata kuliko kilomita 202 za Victor Hémery za mwaka 1909. Napenda sana ukurasa huo wa historia yetu. Ni mahali ambapo daftari la rekodi lilikubali kurudi nyuma ili liaminike.

Mgumu kuliko yote hayo ni ule muda wa saa moja, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo.

Safari ya kurudi lazima ikamilike ndani ya dakika 60, la sivyo mtu angeweza kukimbia asubuhi upepo ukiwa nyuma yake, akapumzika, kisha akangoja upepo ugeuke ndipo arudi. Dakika 60 zinasikika kuwa nyingi mpaka uone kinachofanyika ndani yake. Gari la ThrustSSC, ndilo aliloliendesha Andy Green, lilikuwa na uzito wa tani 10 hivi na injini mbili za ndege ya kivita. Likishapita maili lilihitaji kilomita kadhaa za kupunguza mwendo, kwa parashuti kwanza, breki baadaye. Huko liliposimama, mafundi walilifuata wakaligeuza, wakakagua magurudumu ya alumini yasiyo na mpira, wakajaza mafuta, wakafunga parashuti nyingine, wakapitia taarifa za vifaa ili kuhakikisha pua haikutaka kunyanyuka. Hakuna hatua hapo ya kurukwa, kwa maana atakayeketi tena ndani ni mtu.

Tarehe 13 Oktoba 1997, katika jangwa la Black Rock, Nevada, Andy Green alivuka kasi ya sauti alipokwenda, akaivuka tena aliporudi. Safari ya pili ilichelewa kumalizika kwa chini ya dakika moja. Hakuna aliyehoji kwamba kasi ile ilifikiwa. Mshindo wake ulisikika jangwa zima. Hata hivyo haikuandikwa. Kundi la Richard Noble, kiongozi wa mradi wa ThrustSSC, halikugombana na wapima muda. Lilirudi kazini, na tarehe 15 Oktoba likaenda na kurudi ndani ya muda. Wastani wa maili ukawa kilomita 1,227.985 kwa saa, na rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Mwanachama akiniuliza rekodi halali ni nini, nitamsimulia kisa cha siku hizo mbili kabla ya kumfungulia kanuni.

Noble mwenyewe alikuwa ameonja ukali wa kanuni mwaka 1983. Akiwa na Thrust2, hapo hapo Black Rock, alipata kilomita 1,019.468 kwa saa kwenye maili, akamshinda Gary Gabelich aliyeweka rekodi yake mwaka 1970 kwa gari la roketi la Blue Flame. Kwenye kilomita pia Noble alikuwa mbele ya Gabelich, lakini kwa zaidi kidogo ya nusu asilimia tu, na sharti la wakati huo lilitaka asilimia moja. Basi rekodi ya maili ikawa ya Noble, na ya kilomita ikabaki kwa Gabelich mpaka 1997. Wapo wanachama wanaoona hilo ni ukaidi. Mimi naona ni haki: ushindi unapaswa kuwa mkubwa kuliko kosa linalowezekana la saa na upepo.

Mickey Thompson naye asisahaulike. Septemba 1960, katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, alikimbia kilomita 654 kwa saa upande mmoja, akampita John Cobb ambaye rekodi yake ya 634 ilikuwa imesimama tangu 1947. Gari likaharibika kabla ya kurudi. Rekodi ikabaki ya Cobb.

Suala la magurudumu ndilo lililotugawa zaidi kamatini. Mwaka 1963 Craig Breedlove, kwa Spirit of America, alikwenda na kurudi Bonneville kwa wastani wa kilomita 655 kwa saa. Umbali ulikuwa sahihi, muda ulikuwa sahihi. FIA ilimkataa kwa sababu gari lake lilikuwa na magurudumu matatu na lilisukumwa na injini ya jeti, wakati kanuni ilidai magurudumu manne na angalau mawili yaendeshwe na injini. Shirikisho la pikipiki, FIM, likampokea katika daraja la magurudumu matatu. Julai 1964 Donald Campbell, kwa Bluebird iliyoendeshwa kwa magurudumu yake, alipata kilomita 648.73 kwa saa Lake Eyre, Australia, na FIA ikamtambua ingawa dunia nzima ilikwishasikia tarakimu ya Breedlove. Kabla ya mwaka kwisha mashirikisho hayo yakayafungulia mlango magari ya jeti, na tangu hapo tuna njia mbili: rekodi ya gari lolote la nchi kavu, na rekodi ya magari yanayosukumwa na magurudumu yake. Ukilitazama Blue Flame utadhani lina magurudumu matatu. Kwa kweli ya mbele ni mawili yaliyobanana puani, ili kanuni itimie.

Msimamo wangu nausema wazi. FIA ilikuwa sahihi kumkataa Breedlove kwa kanuni iliyokuwapo siku ile, na ilikuwa sahihi kuibadili kanuni baadaye. Kanuni hubadilishwa kwa ajili ya anayekuja. Ukiigeuza ili kumtunuku au kumnyang'anya aliyekwisha kukimbia, hakuna tena sababu ya mtu yeyote kuifuata.

Kuhusu wathibitishaji wengine, tumekubaliana kutowadharau. Katika mashindano ya SCTA, chama cha upimaji muda cha kusini mwa California, huko Bonneville dereva hufuzu siku moja, gari likawekwa chini ya uangalizi, kisha akakimbia tena siku ya pili kuelekea upande ule ule. Danny Thompson, mtoto wa Mickey, alipata hivyo wastani wa kilomita 722 kwa saa mwaka 2018 kwa Challenger 2, gari aliloachiwa na baba yake. Hiyo ni rekodi halisi ya utaratibu wake, ila haiwezi kuwekwa mstari mmoja na za FIA. Vivyo hivyo Jessi Combs, aliyefariki akikimbiza gari katika jangwa la Alvord, Oregon, tarehe 27 Agosti 2019. Guinness, wachapishaji wa kitabu cha rekodi za dunia, ilimtambua mwaka uliofuata kuwa mwanamke mwenye kasi kubwa kuliko wote, kilomita 841.338 kwa saa, akiipita ile ya Kitty O'Neil ya mwaka 1976. Jina lake litaandikwa, na jina la Guinness litaandikwa pembeni yake.

Magari ya barabarani yametuletea barua nyingi, nami nayapitia haraka. Bugatti ilitangaza kilomita 490.484 kwa saa mwaka 2019, upande mmoja, na ilieleza hivyo bila kificho. Mwaka 2020 kampuni ya SSC ya Marekani, isiyohusiana na ThrustSSC, ilitangaza wastani wa zaidi ya kilomita 508 kwa saa kwa gari la Tuatara. Watazamaji wakapima video yenyewe, alama za barabarani dhidi ya muda, hesabu zikakataa, na mwaka uliofuata kampuni ikakiri kwamba kasi hiyo haikufikiwa. Vidude vya GPS, vinavyosoma kasi kwa setilaiti, ni vizuri, lakini mpimaji asiwe mwenye gari.

Nawapongeza kwa dhati watu wa mradi wa gari la Bloodhound. Novemba 2019 gari lao lilifika kilomita 1,010 kwa saa katika Hakskeen Pan, Afrika Kusini, kwenye uwanja ambao wenyeji waliusafisha mawe kwa mikono, na hawakudai kuwa ni rekodi. Walisema ni majaribio, nasi tumeyaandika kama majaribio.

Kamati inawaletea pendekezo la kuligawa daftari katika sehemu mbili. Ya kwanza ni rekodi, na kila rekodi itabeba shirika lililoithibitisha, umbali uliopimwa, daraja la gari na tarehe. Ya pili ni kasi zilizoripotiwa, ambako Barrett, Burman na Mickey Thompson watapata nafasi yao pamoja na maelezo ya kilichokosekana. Hakuna atakayefutwa. Wanachama wawili wa kamati wanapinga sehemu ya pili kwa kuhofia kwamba itawapa heshima watu waliodai kasi za uongo. Watapewa nafasi ya kuzungumza kabla ya kura.

Katibu ameomba kupumzika baada ya kazi nzuri, na nafasi yake itajazwa leo. Mafunzo ya upimaji wa muda yataendelea, safari hii yakianza na namna ya kukagua saa kabla na baada ya mbio, jambo ambalo wengi waliliomba. Wenye nakala za karatasi za wapima muda za zamani, hasa za Bonneville za miaka ya 1960, wazikabidhi kwa mtunza kumbukumbu ili zipigwe picha kisha warudishiwe. Kura ya daftari itapigwa mara baada ya taarifa ya mweka hazina.