Idhini ya Bodi kwanza, fedha baadaye

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Tunaomba nafasi tuzungumzie uuzaji wa viwanja na mashamba hapa Zanzibar, maana kosa ni lile lile kutoka Micheweni mpaka Makunduchi: mnunuzi anatoa arubuni, anamaliza deni, anachimba msingi, halafu ndipo anauliza hati.

Sheria ya Uhaulishaji Ardhi (yaani kuihamisha kutoka kwa mtu kwenda kwa mwengine) Na. 8 ya 1994 inataka kinyume chake. Mauziano yapite kwanza kwenye Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, nayo itazame bei, matumizi, na kama muuzaji atabaki na ardhi ya kumtosha yeye na watoto wake. Bodi ikikataa na fedha zimeshatumika, mnunuzi anabaki na mtu wa kumdai, ardhi hana. Karatasi yenye muhuri wa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, haimwokoi. Sheha anashuhudia kuwa fulani na fulani wamekubaliana mbele yake, lakini hana uwezo wa kumpa mtu haki ya matumizi ya ardhi, kwa sababu chini ya Sheria Na. 12 ya 1992 ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, katika dhamana ya Rais.

Kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji ardhi ameipataje. Akikwambia ni wakf, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na isiyouzwa, ondoka. Akikwambia ni eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi, jua kwamba mzee wake alipewa alime, mwenye ardhi ni Serikali, na haikatwi viwanja kwa maneno ya dalali.

Akikwambia ni urithi, hapo pana kazi. Marehemu akiacha mjane mmoja, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, wazazi wake wakiwa wameshafariki, mali kwa mirathi ya Kiislamu hugawiwa mafungu 32: mjane 4, kijana 14, kila binti 7. Kijana akiuza shamba zima kwa jina lake, ameuza mafungu yake 14 na 18 ya wenziwe. Dada aliyeolewa Maskati akirudi baada ya miaka kumi kudai 7 zake, anadai haki. Kwa hiyo taka kuona mgao wa mirathi kwa maandishi na saini ya kila mrithi, hata aliye safarini. Saini ya kaka mkubwa "kwa niaba ya familia" bila ya uwakala wa maandishi haitoshi. Mjane ndiye anayesahauliwa zaidi, na jambo hili linatuuma.

Huku Pemba kuna la ziada: miti. Ardhi inaweza kuwa ya mtu na mikarafuu ikawa ya mwengine. Hati ya mauziano itaje aina ya miti, idadi yake na mwenyewe nani, la sivyo msimu wa kuchuma utakuwa msimu wa kesi.

Vipimo navyo. "Ishirini kwa ishirini" ya mtaani mara nyingi hupimwa kwa hatua. Hatua ya sentimita 75 ikipigwa mara 20 ni mita 15. Mnunuzi anadhani amenunua mita za mraba 400, naye amepata 225. Tumieni futi kamba mbele ya majirani wa pande zote nne, waoneshe mipaka na watie saini, kisha aitwe mpima ardhi kabla ya ombi kufika kwenye Bodi. Idhini ikishatoka, fedha zilipwe na uhamisho uandikishwe kwa Mrajis wa Ardhi. Wengi huishia kwenye idhini, na daftari likaendelea kusoma jina la muuzaji.

Asiye Mzanzibari hupata ardhi kwa kukodishwa na Serikali. Anayemwazima mgeni jina lake ili anunue kiwanja cha pwani anawatia wote wawili hatarini.

Tunaiomba Kamisheni ya Ardhi ibandike utaratibu huu katika kila ofisi ya sheha, kwa herufi kubwa. Na masheha wetu tunawaomba wasigonge muhuri kwenye karatasi yoyote ya mauziano kabla ya kuonyeshwa idhini ya Bodi na orodha ya warithi.

Wasaidizi wa sheria,
Chake Chake, Pemba