Kwa Nini Tunampima Mzee Presha Amekaa, Kisha Amesimama

Wengi wanaowaleta wazee wao katika zahanati yetu hapa Lamu huanza kwa maneno yale yale: mama anasahau, baba anapepesuka, "lakini ni uzee tu." Neno hilo "tu" hutusikitisha, kwa sababu mara nyingi nyuma yake ipo mishipa ya damu iliyobadilika, na madhara yake yangeweza kupunguzwa kama yangegunduliwa mapema.

Ubongo una takribani asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake, wala hauna ghala la kuweka akiba. Damu huufikia kupitia mishipa mikubwa minne ya shingoni, ambayo ujanani hutanuka na kunywea kwa kila pigo la moyo. Kadiri umri unavyosonga, nyuzi zinazoipa mishipa hiyo unyumbufu hukatika, na nyuzi ngumu huchukua nafasi yake. Mshipa uliokakamaa haupunguzi tena kishindo cha moyo. Kishindo hicho husafiri hadi kwenye vimishipa vyembamba vilivyo ndani kabisa ya ubongo, ambavyo kuta zake hunenepa na njia zake husonga, hata sehemu ndogondogo za ubongo zikafa kwa kukosa damu bila mtu kupooza wala kuhisi maumivu yoyote. Wanachokiona jamaa ni mzee aliyefupisha hatua, anayechelewa kujibu, aliyeshindwa na hesabu za duka alizozifanya maisha yake yote. Si kila usahaulifu unatokana na mishipa; yapo maradhi mengine, na daktari ndiye wa kuyatofautisha.

Presha ya kupanda inajulikana na kila mtu. Inayosahauliwa ni ile inayoshuka ghafla. Kijana anapoinuka, mishipa ya miguu hubana papo hapo na moyo huongeza kasi ili damu isitelemke yote chini, lakini kwa mzee mwitikio huo huchelewa, na kwa muda mfupi ubongo hupungukiwa. Ndiyo maana baadhi ya wazee huona kisunzi na kuanguka wanapoamka kwa sala ya Alfajiri, au wanaposhuka ngazi za nyumba zetu za mawe, na nyumba nzima ikazilaumu ngazi.

Kwa hiyo mzee akija kwetu hukaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea na mkono uko usawa wa moyo, tukampima mara mbili. Kisha husimama, nasi humshika, tukapima tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, tunamwandikia barua ya kwenda kwa daktari, kwani huenda dawa zake zinahitaji kurekebishwa, au hanywi maji ya kutosha. Tafadhali msimkatishie dawa ninyi wenyewe, na kabla ya Ramadhani mleteni tuzungumze juu ya saa za kuzimeza kati ya futari na daku.

Kuhusu chakula tutasema moja: Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo pia ile ya ng'onda na achari.

Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikorogeka ghafla, msisubiri kupambazuke na msimpe aspirini, maana kiharusi kinaweza kuwa cha mshipa kuziba au cha mshipa kupasuka, na ni picha ya ubongo pekee inayoonyesha ni kipi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Nasi tunaishi kisiwani, ambako hata safari ya kwenda Malindi huanza kwa boti ya Mokowe; kila dakika inayopotea nyumbani haifidiki njiani.

Mzee asiyeweza kutembea wala kupanda punda tunamfuata nyumbani baada ya sala ya Alasiri. Tunaomba tu mtukusanyie dawa zake zote katika mfuko mmoja, pamoja na zile za miti shamba, na awepo mtu anayelala naye nyumba moja, kwa sababu yeye ndiye ajuaye mzee huamka vipi usiku.